Sakafu ya Bibi Ng'washi

Mheshimiwa Diwani, Padri wetu, Ndugu wageni waalikwa, na wewe Sajini Mayala unayestaafu leo: wakubwa wote, shikamooni. Kwa moyo mzito nimeagizwa kutangaza kwamba soda za machungwa zimekwisha. Zimebaki nyeusi. Kamati ya maandalizi inalifuatilia suala hili, na wananchi mnaombwa kuwa watulivu.

Naitwa Cleophace, kinyozi wa hapa Mkuyuni. Mnanishangaa kusimama hapa? Hata mimi najishangaa. Nadhani walikumbuka kuwa mtu pekee ambaye Sajini humsikiliza hadi mwisho ni mimi, kwa kuwa wembe huwa shingoni mwake.

Huyu ndiye aliyewakamata wezi wa injini za mitumbwi. Huyu ndiye aliyemrudishia Revocatus baiskeli yake, ingawa kengele haijaonekana hadi leo. Lakini amenikataza kumsifu bila kuitaja Igoma. Basi naitaja.

Mwaka tisini na tatu nilikuwa naishi huko. Jirani yetu Bibi Ng'washi, mjane, alikuwa akikausha kwa moshi mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vipya vya minofu vilituachia sisi. Moshi huo ukayafanya macho yake mekundu. Na sisi, watu wa soko huria, wenye redio za kaseti mabegani, tukanong'onezana kwamba macho yale ni ya mchawi. Jioni moja akakatwa mapanga ndani ya nyumba yake.

Mwano ukapigwa. Mnaijua desturi: ukelele ule ukilia, kila mwanamume hutoka, na asiyetoka ana kesi. Tulitoka wote, tukazikanyaga nyayo zote. Kisha akina mama, kwa kumheshimu marehemu, wakaona aibu waombolezaji waikute nyumba vile ilivyokuwa. Wakaosha kuta, wakaisiriba sakafu upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Sajini alipofika asubuhi, alikuta nyumba safi kuliko yangu. Nani angewalaumu wale mama? Walimfanyia wema wa mwisho, na wema huo ukafuta kila alama.

Sajini aliuliza. Akakaribishwa chai. Kila mwaka alirudi, na kila mwaka wale aliotaka kuwahoji walikuwa wamesafiri Kahama. Sijui Kahama iliwatosha vipi.

Juzi Tereza, binti wa marehemu, aliyeketi pale nyuma, alimkuta Sajini kitini kwangu. Akamwamkia, kisha akamwambia, "Baba, wewe ukiondoka, nikamuulize nani?"

Nikausimamisha wembe.

"Sijui, mwanangu," Sajini akajibu. "Nilitaka nikuachie angalau jina moja. Sina."

Sasa niseme kilichotokea, bila mapambo. Waliomuua Bibi Ng'washi hawakutoka mbali. Usiku ule viongozi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, walituhesabu nyumba kwa nyumba, na hakuna mtu aliyekosekana. Maana yake wauaji walisimama nasi, wakalia nasi, na kesho yake wakashika majembe tukachimba nao kaburi. Vijana wawili walikamatwa, wakaachiwa. Hapakuwa na shahidi. Wanaojua wamenyamaza. Jalada limebaki kituoni, na kuanzia leo halina mtu wa kulifungua. Tereza bado anaishi Igoma, na kila asubuhi humwamkia kila mzee anayekutana naye njiani, kwa kuwa hajui ni yupi amnyime shikamoo.

Sina zaidi. Nashukuru mmenisikiliza.