Mkono wa Fundi Saa Ugenini

Asubuhi ile benchi la mbele ya kibanda cha viatu lilijaa kabla birika la kahawa halijachemka. Fundi Saa alikuwa amerudi jana yake kutoka nchi ya mbali, kwa binti yake, kwenye mji wa kale ambao watu hulipa nauli kwenda kuutazama tu. Wenzake wawili walimsubiri kwa hamu: Wakili, fundi viatu ambaye hajawahi kuingia mahakamani hata kwa kushtakiwa, na Kipaza, kinyozi ambaye siri ya mteja hutoka dukani kabla ya mteja mwenyewe. Lakini Fundi Saa alikaa kinyonge, kahawa ikimpoa mkononi. Tangu siku yake ya kwanza kule, usingizi ulikuwa umemkimbia.

— Haya mzee, mwaga habari, — alisema Kipaza. — Siku ya kwanza ulifanya nini?

— Binti alienda kazini. Akaniambia, baba, tembea taratibu, mji hauendi popote. Nikatembea. Nikaona lango la mawe, kizingiti kimelika kwa nyayo kama sabuni. Nikapita kwenye vichochoro ambavyo ukikutana na mnene, mmoja lazima arudi nyuma.

— Ulirudi wewe?

— Tulirudi wote wawili, kwa heshima. Tukakutana tena palepale.

— Halafu?

— Magoti yakaomba kupumzika. Mbele kulikuwa na uwanja, uwanjani mnara mrefu wenye saa, na chini ya mnara, benchi. Wazee wanne wanabishana.

Kipaza akaweka kikombe chini.

— Yaani umevuka mawingu yote yale ukaenda kukaa kijiweni?

— Tena kijiwe cha wengine! — alisema Wakili, kwa sauti ya mtu aliyefumania.

— Nilikaa pembeni tu, jamani. Lugha yao sijui hata ya kuombea maji. Lakini ubishi ni ubishi. Mwenye kofia anauonyesha mnara, mwenye masharubu anajipiga paja. Nikawa natikisa kichwa panapostahili. Ghafla wakapiga kura. Mikono miwili juu, miwili chini. Wote wanne wakanigeukia.

— Ukafanya nini?

— Ningefanya nini? Sheria ya benchi mnaijua: aliyekaa hana ruhusa ya kunyamaza. Nikanyoosha mkono.

Fundi Saa akawaeleza yaliyofuata. Mwenye kofia alikuwa amemkumbatia. Mwenye masharubu aliondoka bila kuaga. Na kesho yake asubuhi, alipopita tena, mnara wote ulikuwa umezungushiwa miti na turubai, toka chini hadi kwenye saa.

— Wanaubomoa, — alisema kwa sauti ndogo. — Mnara wa mababu wa watu. Kwa mkono wangu huu.

— Tulia, nitakutetea, — alisema Wakili. — Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Wako ulikuwa umeshika kitu?

— Ulikuwa mtupu.

— Basi huna kosa.

— Kosa la nini? — alidakia Kipaza. — Kunyoosha mkono ni mnadani! Wamemuuzia mnara. Lile turubai ni la kufungia mzigo, wausafirishe.

— Nitauweka wapi? Chumba changu hata kabati limeingia kwa ubavu!

— Hapana, hapana, — alisema Wakili. — Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kofia! Kura ile ilikuwa ya uchaguzi. Mzee, wewe ni meya wa ule mji.

— Meya mtoro! — Kipaza akaruka. — Watu wake hawana maji bombani, yeye yuko hapa anakunywa kahawa yetu!

Fundi Saa akaanza kuwahurumia wakazi wake.

Mama mmoja aliyeleta kiatu kilichong'oka kisigino alikuwa amesimama hapo kwa mguu mmoja muda wote, akisubiri ahudumiwe.

— Shikamooni, wazee. Naomba kuuliza.

— Marahaba. Uliza, mwanangu, — alisema Wakili.

— Nyinyi mmekaa hapa miaka na miaka. Kuna jambo hata moja mliloliamua kwenye benchi hili, likatendeka?

Wakili akamtazama Kipaza. Kipaza akatazama ndani ya birika. Walikwisha kuamua kuhamisha barabara, kushusha bei ya sukari, na kumtafutia Kipaza mke. Barabara ilikuwa palepale, sukari ilikuwa juu, na Kipaza alikuwa bado anajifulia.



Fundi Saa alishusha pumzi ndefu kuliko safari yake. Akainywa ile kahawa baridi kwa mkupuo mmoja, akanyoosha kikombe, uso umemkunjuka.

— Niongezee.

— Imekwisha, — alisema Kipaza kwa uchungu, ingawa birika lilikuwa bado zito mkononi mwake.