Paa la Mgongo

Kila mara dereva wa basi alipokanyaga breki, ile kofia ya bati ya kufunikia mgongo wa paa ilimchoma goti mama mshonaji. Mzee aliyeipakata alikuwa akibishana na seremala aliyekaa pembeni yake.

"Mzee wangu, paa la mgongo, la miteremko miwili, kwa banda la gari tu? Tena unapanda mwenyewe, umri huo? Laza bati upande mmoja, jioni umemaliza."

"Mwanangu alizijenga kuta kwa mikono yake, akaniambia, 'Baba, paa la mgongo, maji yasituame.' Nitapanda mwenyewe."

"Si apande yeye, basi! Vijana wa siku hizi!"

Mshonaji alikubaliana naye kimoyomoyo, goti likimuuma.

"Tulimzika kabla hajaezeka," mzee akasema.

Seremala akajikohoza. Lakini mafundi hawajui kunyamaza. "Pole sana, mzee wangu. Ila hapo ndipo nisipoelewa. Sasa humo litalala gari la nani?"

"Hatuna gari. Mama yake ndiye huingia mle na kigoda chake, akakaa. Mvua ikimkuta, hatoki. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Ndipo nikasema, angalau asilowe."

Basi likasimama. Seremala alikuwa bado amefungua mdomo kutetea bati la upande mmoja. Mshonaji akainuka, akaishika ile kofia upande wa pili, akashuka na mzee, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.