Fundi Subiri, Aliyeanza na Breki

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa magari, mwanamke, ambaye wateja walimwita Fundi Subiri. Jina hilo walimpa kwa hasira.

Ukimpelekea gari ukasema, "Fundi, liongezee nguvu," hakufungua boneti. Alikaa pembeni yako, ukaendesha mizunguko mitano uwanja wa mbio, kisha hadi sokoni na kurudi. Halafu akauliza, "Gari limekushinda wapi?" Wengi lilikuwa limewashinda kwenye kona na kwenye kusimama. Basi alianza na breki. Kisha matairi. Injini baadaye. Narudia, wasikilizaji: injini baadaye.

Mumewe ni mwalimu wa hesabu. Gari lao lilikuwa moja. Siku za kazi lilipeleka watoto shule, Jumamosi liliingia mashindanoni. Miaka tisa mwalimu aliomba turbo, kile kifaa cha kuongezea injini nguvu. Miaka tisa akaambiwa subiri. "Darasani wananiogopa," anatuambia huku akicheka. "Nyumbani nilipangiwa mpaka upepo wa tairi." Alimaliza wa nne, wa tano. Hakuwahi kushinda.

Mwaka huu fundi aliugua figo, na madaktari wakasema siku zilizobaki si nyingi. Mwalimu akabaki na hamu moja tu: mkewe amwone akishinda, hata mara moja. Akaenda gereji nyingine kimyakimya, akafungiwa turbo.

Jumamosi ikafika. Fundi aliletwa kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Mwalimu akawasha gari. Mkewe akasikia mlio wa injini, akainua mkono.

"Baba watoto, umefunga turbo."

"Kwa ajili yako, mke wangu."

"Na radieta umebadilisha?"

"Bado."

"Basi mzunguko wa tatu injini inachemka. Jumatatu watoto wataenda na nini?"

"Nilitaka unione nikishinda."

"Nimekuona miaka tisa. Kila Jumamosi ulirudi mzima. Mimi nilikuwa napangia hilo."

Mwalimu akazima gari. Akavua kofia, akaketi chini kando ya kiti cha mkewe, wakatazama mbio za wenzao mpaka mwisho, wakibishana ni nani anayekata kona ovyo. Dada yake fundi alikuwepo. "Shemeji yangu ana kiherehere," anasema, "lakini siku ile alitulia kabisa. Nikaona wameelewana." Siku kumi baadaye, Fundi Subiri alifariki dunia.

Kwako mwalimu, kwa watoto wako wawili na kwa shemeji yako, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkifika nyumbani leo, mtazameni yule anayewakatalia mambo kila siku. Muulizeni anaogopa nini. Mwalimu anasema kwa miaka tisa yote alikuwa akiomba, na hakuwahi kuuliza.