Figo za Wilmer na Vidonge vya Don Evenor

Siku Wilmer alipoanguka shambani walikuwepo mdogo wake Denis, mnyapara Don Evenor, Yamileth mke wa Wilmer, aliyekuwa amempelekea chakula, ambaye ndiye aliyeandika haya, na jirani Chepe Zelaya, yaani mimi ninayewasomea hapa mazikoni.

Wilmer Obando Munguía alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa El Guanacaste, Chinandega, Nicaragua, akasoma mpaka darasa la sita mwaka 2003, akaanza kukata miwa tarehe 9 Novemba 2009, akafunga ndoa na Yamileth tarehe 21 Juni 2014, wakajaliwa Heysel na Josué, na kila jioni, akiwa bado mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, aliwaosha watoto miguu kabla ya kuosha yake.

Huko shambani maji ya kunywa ni ya vuguvugu na yananuka pipa, na Don Evenor hupita kati ya mistari ya miwa akigawa vidonge vya maumivu kama njugu, "Meza, mwanangu, au mgongo wako ni wa bibi harusi?" nao wakataji hucheka, humeza. Yamileth naye, kwa mapenzi, alimfungia vingine viwili pamoja na mikate yake ya mahindi, na hilo ametaka lisomwe.

Alianguka tarehe 12 Februari 2019. Hospitalini nesi Marbelí aliketi na Yamileth kwenye benchi saa nzima, akamchorea na kumweleza kwamba figo hujipimia yenyewe kasi ya kuchuja, mwili ukikauka huupanua mshipa unaoiletea damu na kuubana ule unaoitoa, ili uchujaji usishuke, lakini vidonge vile huizuia kupanua, ikakosa damu msimu baada ya msimu, mpaka ikaota makovu. Yamileth alitapika palepale, nesi akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe.

Miaka mitatu Wilmer alivimba, pumzi yake ikanuka mkojo, akafariki nyumbani tarehe 3 Machi 2022.

Tunawashukuru madaktari, nesi Marbelí, wakataji wenzake, na Chepe, imeandikwa nisome, aliyempeleka hospitali kwa gari lake la ng'ombe bila kuchoka. Kampuni ya miwa, Yamileth ameomba nisiishukuru, nami siishukuru.

Pumzika, Wilmer, kwa amani, hakuna tena mstari wa kumaliza.

Asubuhi hii Don Evenor ametuletea shada la maua na pakiti ya vidonge kwa ajili ya migongo ya wabeba jeneza, na Denis alikwisha kunyoosha mkono. Shada hili hapa. Vidonge Yamileth amevitumbukiza chooni, na Denis atabeba bila kumeza kitu.