Kiko Kimoja Kisichopigwa Msasa

Mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1942, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1957. Hesabu zilimpiga chenga, lakini dawati lake lilikuwa laini kuliko meza ya mwalimu mkuu, kwa kuwa alilisugua kila mapumziko. Jina la Fundi Msasa alilipata huko, likamganda.

Mwaka 1961 alifungua chumba chake nyuma ya duka la fundi saa, akitengeneza midomo ya viko vya zamani. Mdomo wa kiko ni mpira mgumu mweusi. Ukizeeka hugeuka rangi ya matope na kuwa mchungu. Aliupasha juu ya mshumaa mpaka mabonyeo ya meno yakajiinua yenyewe, akausugua kwa msasa na maji, akamalizia kwa kitambaa chenye mafuta. Yeye mwenyewe hakuvuta tumbaku hata siku moja. Moshi ulimkohoza.

Aprili 1968, karani mmoja wa posta alileta kiko cha marehemu baba yake. Siku alipokifuata, alipitisha kidole kwenye mdomo wa kiko, akaangua kilio.

"Alama za meno ya baba ziko wapi?"

"Nimezitoa zote, dada! Haijabaki hata moja," fundi akajibu kwa fahari.

"Ndizo nilizokuwa nikizishika!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda kwa mama wa yule binti kuomba radhi, akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, hadi majirani wakaelewa kuwa radhi haichukui muda wote huo. Alipoleta posa, mama alimwekea kile kiko mbele yake.

"Umefuta meno ya mume wangu, baba. Basi kila ukija hapa, utauma hiki mpaka alama zirudi."

Walioana tarehe 13 Desemba 1969. Kwa zaidi ya miaka hamsini, kila Jumapili baada ya chakula, mtu asiyevuta alikaa na kiko kitupu mdomoni, mate yakimchuruzika, wajukuu wakivunjika mbavu. Na kila mteja aliulizwa kwanza: "Haya meno ni ya nani? Yabaki au yaondoke?"

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2023. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 2 Februari mwaka huu, baada ya kumtania muuguzi kwamba kitanda chake kina mikwaruzo.

Juzi binti yake mkubwa, aliyerithi meza yake, alitaka kuking'arisha kile kiko ili kiwekwe juu ya jeneza. Msasa ulikuwa tayari umelowa. Mama yake akamshika mkono.

"Kiache na uchafu wake, mwanangu. Safari hii aliyeng'ata humu ni wangu."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watano. Kiko hakiko juu ya jeneza. Kiko mkononi mwa mjane, na kidole chake kiko pale pale kwenye mdomo.

Pumzika kwa amani, Fundi. Meno yamebaki.