Miaka Thelathini na Moja ya "Sijaelewa"

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka 1994, nalo linamhusu Fuatino Seumalo, mwandishi wa kituo chetu cha utafiti wa mazao, anayestaafu Ijumaa hii tarehe 28 Novemba baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyemwajiri nilipokuwa mkuu wa kituo. Walitaka ukurasa mmoja wenye furaha. Furaha wataipata, maana maisha ya Fuatino hayakosi vichekesho, ila watalipata na hilo jambo. Nina umri wa miaka themanini na minne, na daktari wangu ameacha kunikataza chumvi. Mgonjwa wa moyo akirudishiwa chumvi, ajue safari imewiva.

Jambo lenyewe linahusu neno nililomwambia kila aliponisomea alichoandika: sijaelewa. Hakuna mtu kituoni asiyelijua. Wanasema ndiyo mbinu ya mzee Asiata, kwamba nilijifanya mjinga ili mwandishi ajifunze kuandika. Fuatino mwenyewe amelisimulia kwenye mikutano ya Suva na Brisbane, na watu wakapiga makofi. Nitalirudia.

Fuatino alikuja kwetu mwaka mmoja baada ya ugonjwa wa majani kuyavamia magimbi ya visiwa vyetu. Vijana wa leo hawawezi kujua ilivyokuwa. Wiki hii ulipita shambani ukaona majani mapana yanayong'aa, wiki ya pili yana madoa ya kahawia kama yamemwagiwa chai, ya tatu yananing'inia kama nguo mbovu. Magimbi yalitoweka kwenye matanuri ya mawe ya Jumapili. Watu wazima walikula wali baada ya ibada huku wakitazama pembeni, wakiona haya kama wenyeji waliofumwa na mgeni hawana kitu ndani. Kituo kilikuwa na watafiti, darubini na gari moja la kubebea mizigo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza watu kinachotokea. Fuatino alikuwa na shahada ya biolojia, kalamu tatu nyweleni, na imani kwamba ukweli ukiandikwa sawasawa mara moja unawatosha wote.

Kipeperushi chake cha kwanza kilianza hivi: "Uambukizo huchochewa na unyevu wa muda mrefu kwenye uso wa jani." Kila neno lilikuwa sahihi. Tulikisambaza vijiji vyote vya pwani ya kusini. Tulipozunguka kuuliza kimefanya nini, tulimkuta mama mmoja wa Lotofaga akiuza vitumbua kando ya barabara, amevifunga kwa kipeperushi chetu.

"Karatasi nzuri sana hii," alimwambia Fuatino. "Haivuji mafuta. Mtaleta lini nyingine?"

Fuatino alinunua vitumbua vitano, akala vyote garini.

Cha pili alikiandikia machifu. Kila mmoja wetu anajua kwamba chifu hasemeshwi kama unavyomsemesha binamu yako. Kula kwake kuna neno lake, nyumba yake ina neno lake, hata ugonjwa wake una jina la adabu. Fuatino alikaa na nyanya yake mwezi mzima, akaandika kwa lugha ya heshima isiyo na doa. Tukapokewa barazani, kava, kinywaji cha heshima, ikakorogwa, akasoma. Alipomaliza, msemaji wa baraza alisimama na fimbo yake, usinga begani, akamjibu kwa robo saa nzima. Aliutaja ukoo wa Fuatino hadi vizazi nilivyokuwa sivijui. Tukapewa nguruwe. Tulirudi mjini Apia na nguruwe nyuma ya gari, Fuatino akiimba, nami nikiamini tumeshinda.

Mwezi uliofuata tulipita pale. Majani yaliyooza yalikuwa yananing'inia palepale tulipoyaacha. Hakuna lililokatwa wala kuchomwa. Fuatino akamfuata yule msemaji, aliyekuwa amekaa nyumbani kwake akisokota kamba ya makumbi.

"Mzee, siku ile hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri, binti yangu. Ilikuwa hotuba tamu. Wake zetu bado wanaizungumzia."

"Nilisema nini?"

Mzee akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Ulisema tunaheshimiwa."

Nimeona watu wengi wakifukuzwa kazi, wengine niliwafukuza mwenyewe, lakini sijaona uso kama ule wa Fuatino njiani siku hiyo. Alipofika ofisini alivuta kiti mbele ya meza yangu na kusema kuanzia sasa hatachapisha kitu kabla ya kunisomea. Ndipo neno lilipoanza. Nakumbuka moja ya siku za mwanzo.

"'Usihamishe vipandikizi kutoka eneo lenye maambukizi,'" alisoma.

"Sijaelewa."

"Mzee Asiata, hayo ni maneno sita."

"Hata matusi huwa mafupi. Dada yangu wa Falealupo amefiwa na mumewe. Niende mikono mitupu?"

"Usiende na magimbi, basi."

"Niende na nini? Na kipeperushi? Ukoo mzima utanicheka mpaka watoto wangu wazeeke."

Fuatino akaguguna kalamu. Nje, mvua ilikuwa inapiga bati, mvua ileile iliyokuwa inarusha ugonjwa kutoka jani hadi jani. Kisha akasema polepole, kama anayepapasa ukuta gizani, "Nenda nayo. Lakini yapike kwanza. Moto unaua kila kitu kilichomo. Kinachosambaza ni vile vichwa vibichi vya kupandia, mnavyopeana mkiagana."

"Hapo nimeelewa," nikasema.

Hapo ndipo ilipozaliwa Zawadi Iliyopikwa, kazi inayojulikana kuliko zote alizoandika. Ukweli ulikuwa mmoja, ila aliuandika mara nne. Kwa machifu hakuwakataza kitu, maana chifu hakatazwi na karatasi. Aliandika kwamba anayezuia maradhi yasiingie shamba la nduguye amemheshimu kuliko aliyemjazia kapu, akawaachia wao kutoa amri. Nao walitoa, kijiji baada ya kijiji, na kuweka faini ya nguruwe kwa atakayevusha vichwa vibichi. Kwa kamati za wanawake aliandika mistari michache: pika, kisha beba, na jinsi ya kuyafunga magimbi yaliyopikwa yasichache kwenye feri ya kwenda kisiwa cha Savai'i. Kwa watoto alitunga maneno ya kukariri kanisani kwenye Jumapili ya watoto, na binti mmoja wa Siumu akayatamka kwa hasira hivi kwamba mchungaji alikagua majani ya bustani yake kabla ya chakula cha mchana. Kwa majarida ya ng'ambo aliandika na wenzetu wa maabara makala yenye majedwali, ikarudishwa mara mbili na mkaguzi wa jarida asiyetaja jina. Watafiti walinuna. Fuatino aliwaambia, "Huyu naye ana kijiji chake. Kwao mgeni haingii ndani kabla hajaonyesha jedwali. Mwonyesheni jedwali, msiwe na kiburi."

Redioni alifanya jambo ambalo mpaka leo nacheka nikilikumbuka. Aliomba dakika kumi mara tu baada ya matangazo ya vifo. Mkuu wa vipindi alishangaa.

"Mama, nani atasikiliza habari za ukungu akitoka kusikia habari za maiti?"

"Kila mtu," Fuatino alijibu. "Hapo hakuna aliyezima redio. Wote wanangoja kuhakikisha hawakusikia vibaya. Tena si ukungu, ila hilo nitawaeleza hewani."

Walimpa. Alikishika kipindi hicho miaka kumi na tisa.

Halafu yakaja magimbi mapya, yaliyozalishwa kwa kuchanganya ya kwetu na ya visiwa vya mbali, na wakulima wakaalikwa kuyaonja. Fuatino aliwakalisha na sahani, akaandika wanachosema kama wanavyokisema. "Hili linawasha koo." "Hili linafaa kwa mama mkwe usiyempenda." Alipoandika ripoti ya wafadhili, maneno hayo yaligeuka asilimia na alama za uchungu. Alipoandikia vijiji, yalibaki yalivyo, na mama mkwe akabaki pia. Magimbi yamerudi kwenye matanuri yetu. Waliofanya kazi hiyo ni wengi, mikono na akili nyingi, lakini bila Fuatino wasingejuana.

Nilipostaafu mimi, niliona amepata nafuu. Wapi. Kila rasimu aliibeba hadi nyumbani kwangu Vaitele, akavua viatu, akaketi mkekani na kusoma. Mke wangu, Mungu amrehemu, alituletea kakao na kusema, "Mwache huyu mzee apumzike, kichwa chake kimejaa." Fuatino alimjibu, "Mama, mimi ndiye ninayekipunguza." Nilimwambia sijaelewa mara ngapi, sijui. Hakukasirika hata siku moja. Aliondoka, akarudi na karatasi nyepesi zaidi.

Sasa linalonikosesha usingizi. Mkurugenzi wetu wa leo, Iutita Taupau, amemwomba Fuatino abaki na darasa la asubuhi mbili kwa wiki, awafundishe watafiti vijana kuandikia baraza, jikoni, shule na majarida. Wapo saba, wana akili, na wanaandika kama Fuatino alivyoandika kile kipeperushi cha vitumbua. Na safari hii mbawakawa mgeni ameanza kutafuna minazi yetu. Fuatino amekataa. Iutita amemsihi mara mbili na amesema bila yeye darasa halitakuwepo. Juma lililopita Fuatino alikuja kunijulia hali, nami nikamuuliza sababu.

"Mzee, mimi nilifundishwa na mtu aliyejua kujifanya hajui," alisema, huku akininyooshea mto. "Daktari wa mimea mzima anakaa, ananitolea macho kama mtoto. Hiyo ni karama. Mimi wale vijana wakinisomea, naelewa yote, na uso wangu unasema nimeelewa. Siwezi kuigiza. Nitawaharibu."

"Jaribu."

"Nimejaribu mbele ya kioo. Nilicheka."

Nami nikacheka, na kicheko kilinichosha hata nikasinzia. Nilipoamka alikuwa ameondoka, na nilikuwa nimeiacha nafasi ipite. Nimeogopa kuikosa nyingine, ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo, kwa niaba ya kituo na ya waliokula magimbi Jumapili iliyopita bila kujua wamshukuru nani: ahsante, Fuatino. Ahsante kwa vitumbua vitano ulivyokula garini. Uende nyumbani ukapumzike, maua yako yakue, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na meza yako isikose mgeni. Lakini asubuhi mbili kwa wiki usizinyime, na sababu uliyonipa haina miguu. Nitakuambia kwa nini, na wengine wasome.

Nilisomea kakao, chuoni Palmerston North ng'ambo, miaka ya sitini. Niliijua kakao vizuri. Nilipandishwa cheo kwa sababu ya umri na jina la ukoo, na ugonjwa wa magimbi uliponikuta kwenye kiti cha mkuu, sayansi yake ilikuwa imeshanipita. Watafiti walipozungumza mikutanoni niliitikia kwa kichwa. Kuuliza niliona haya, kwa kuwa mkuu hamuulizi aliye chini yake. Ulipoketi mbele yangu na karatasi yako, nilipata njia ya kuuliza bila kuuliza. Niliyoyasema mbele ya mawaziri niliyatoa kwenye vipeperushi vyako vya vijijini, na kuhusu vichwa vibichi na moto nilijua siku ileile ulipojua unavyopaswa kuandika. Ulipoanza kuniita mwalimu, nilinyamaza, na kila mwaka uliopita ulifanya kunyamaza kuwe rahisi zaidi. Wale vijana hawahitaji mwigizaji, wanahitaji kumsomea mtu asiyejua kweli, kama ulivyonisomea mimi.

Sikujifanya, Fuatino. Kila niliposema sijaelewa, nilikuwa sijaelewa.