Maisha ya Barthélemy Kalunga, yasomwe sanduku lingali chini

Ba Papa na ba Mama, ndugu wa Zongwe na majirani wa hapa Kalemie, na ninyi vijana munaosubiri kubeba, mutulie kidogo, ngoma inyamaze, kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba maisha yake yasomwe hapa nyumbani, sio kaburini, na sababu mutaisikia.

Barthélemy Kalunga alizaliwa Zongwe tarehe 14 Agosti 1958, na bibi aliyempokea alisema, "Huyu analia kama anadai kitu," na kweli hakutulia tangu siku ile, hata kwenye shule ya mapadri, kuanzia 1965 mpaka 1971, mwalimu alikuwa akimuuliza, "Kalunga, unakaa, ao nikufunge kwenye benchi?" Alikuja Kalemie kujifunza ufundi, na tarehe 1 Machi 1977 akaingia kazi ya reli, fundi wa mabehewa. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na Bertille, huyu aliyekaa hapa kando ya sanduku, wakazaa Patrick, Noëlla na Ketsia, na mdogo wao ambaye surua ilimchukua mwaka 1990.

Vita vilipofika hapa, Agosti 1998, treni zilisimama, lakini yeye alienda kila asubuhi kugonga magurudumu ya mabehewa yasiyoenda popote, Bertille akimcheka, "Papa Patrick, unayaamsha yaende wapi?" Januari 1999 aliona kitezi shingoni, kama karanga, hakikuuma. Juni tulisikia risasi karibu, akakimbilia Zongwe kwa dada yake Marceline, watoto wakaenda naye, Bertille akabaki kulinda nyumba isiporwe, na huko Zongwe uvimbe ukanywea wenyewe, mpaka Septemba ulikuwa hauonekani. Februari 2000 alirudi kwa mke wake, na Mei tezi zilikuwa tatu, kubwa kama ndimu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Marceline alisimama kwenye mlango huu akasema watu wote wasikie, "Kwangu ilinywea, kwako inanona, Bertille, unamulisha nini kaka yangu?" na Bertille akajibu, "Bukari ya unga na ndagala wa ziwa, kama wewe," lakini hakulala vizuri tena, na wanawake waliokuwa wakimuazima kinu wakaacha kuja. Barthélemy aliona, akatoa kiti nje, akawa anakula chakula cha mke wake barabarani, mchana, kinywa wazi, na wapita njia akiwaita, "Karibuni, sumu iko nyingi!"

Januari 2001 alivuka ziwa mpaka Kigoma, daktari mmoja akakata kipande cha tezi, kikapelekwa Ulaya, na Aprili jibu likarudi. Daktari alimwambia hivi, na Barthélemy alimrudilia mama yake neno hilo mara nyingi, mpaka mama ambaye hakukaa darasani hata siku moja akalishika: mwili umejengwa na chembe ndogo sana, na kila chembe inazaliwa, inafanya kazi, kisha inakufa kwa amri ili ingine ipate nafasi, na ndani yake kuna kitu kinachoitwa kwa herufi B, C, L na namba mbili, kazi yake ni kuizuia chembe isife mbele ya saa yake, kila mtu anacho na ni kizuri, lakini ndani ya chembe moja ya damu ya Barthélemy maagizo ya kitu hicho yalihama mahali pake, yakakaa pasipo na wa kuyanyamazisha, chembe ile ikakataa kufa, ikazaa zingine kama yenyewe, zikajaa shingoni. "Behewa limeingia reli isiyo yake," akasema Barthélemy, na daktari akasema, "Njo hivyo, Papa." Akauliza kama watoto wake wataurithi, akaambiwa hapana. Akauliza juu ya Zongwe, akaambiwa uvimbe wa aina ile unanywea wenyewe na unarudi wenyewe, uwe kwa dada, uwe kwa mke.

Vidonge vya daktari vilimsaidia zaidi ya mwaka, boti za Kigoma zilipopita kuvileta, na ziliposhindwa alingoja. Agosti 2002 ugonjwa ulibadilika ukawa mkali, akachoka, akatoka jasho, na Jumanne tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, alituacha hospitalini, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bertille. Juma moja mbele ya kufa alisema, "Mwaka jana vijana walikimbia na sanduku la jirani, wakasema maiti inawavuta kwa aliyemuroga, wakabomoa nyumba ya mjane wake. Mimi sivuti mutu. Wasomeeni maisha yangu mbele ya kunibeba."

Tunamshukuru daktari wa Kigoma, wauguzi wa hapa, wenzake wa reli waliochonga sanduku hili, jirani Papa Ilunga na jamaa yake waliochota maji tangu Jumanne. Ninyi vijana, toka hapa munashika kushoto, munapita soko, munafika makaburini, hakuna njia nyingine. Bertille atatangulia. Nafasi ya kando ya Bertille, mbele ya sanduku, ni ya Marceline, dada ya marehemu, na hatujampa mutu mwingine.

Pumzika, Barthélemy, amani ya Mungu ikufunike.